Kitambaa Juu ya Tangi

Nyumba ilikuwa imekwisha. Bati limekaa, madirisha yana vioo, sakafu inateleza hata mtu mzima anaona haya kuikanyaga na viatu, na kila ukuta una swichi yake na soketi yake, zote nyeupe, zote mpya, zote hazina kazi. Nyuma ya nyumba kisima kilichimbwa mpaka maji yakapatikana, pampu ikazamishwa humo, na bomba likapandishwa hadi kwenye tangi jeusi lililokaa juu ya mnara wa vyuma. Tangi nalo lilikuwa tupu. Pampu bila umeme ni chuma kilichotupwa kisimani, na mwenye nyumba alilisema hilo kila asubuhi alipokuwa akivuta ndoo kwa kamba, tena kwa sauti, kana kwamba kuna aliyekuwa akimbishia.

Mwenye nyumba mji mzima ulimwita Fundi Nguo. Miaka na miaka alishona sare za wanafunzi katika chumba cha kupanga kando ya barabara, mpaka mwenye chumba alipompata mpangaji mwenye suti, akamwambia mama samahani, tafuta pengine. Fundi Nguo hakumpigia mtu magoti. Alikuwa na kiwanja chake mbali na mji, ambako alikuwa akijenga kwa mwendo wa haba na haba. Sasa akausukuma ujenzi mchakamchaka, akahamia na cherehani zake za umeme, akazipanga sebuleni na kuzifunika shuka. Zikakaa hapo, na kila aliyeingia alishusha sauti kama aliyekuta wagonjwa wamelala.

Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Vitambaa vya sare vilikwisha katwa, vimefungwa marobota kwa marobota chumbani, na mwalimu mkuu alikwisha kumtumia ujumbe wa kumtia joto: kama hataweza aseme mapema, mafundi wako wengi. Wenye busara walisema haraka haraka haina baraka, lakini wenye busara hao hawakuwahi kuwa na sare za shule nzima zilizokatwa zikangoja kushonwa. Akiikosa kazi hii ameikosa ya miaka yote ijayo, na nyumba mpya haimlishi mtu matofali.

Tuje kwenye umeme wenyewe. Watu wa umeme walikuja, hilo tusiwanyime haki yao. Walichimba mashimo, wakasimamisha nguzo, wakavuta waya kutoka kwenye transfoma ya huko mashineni, kwenye mashine ya kusaga nafaka, mpaka nguzo ya mwisho iliyokuwa nje tu ya uzio wa Fundi Nguo. Wakabandika mita ukutani. Wakafunga ukutani ule waya wa kuingilia ndani, uliobaki wakaukunja na kuuning'iniza chini ya upenu. Kisha simu yao ikalia, kuna kazi ya dharura mahali, wakapakia ngazi zao na kusema watarudi wiki ijayo. Wiki ijayo ya watu wa umeme haiko kwenye kalenda. Ukirusha jiwe kutoka kwenye ile nguzo unavunja kioo cha sebule, lakini umeme haukuweza kuivuka nafasi hiyo, na Fundi Nguo akaanza safari za nenda rudi ofisini kwao mpaka soli za viatu zikalalamika.

Pale ofisini palikuwa na kijana wa dirishani, mpole, shati limepigwa pasi. Kila alipomwona alimwambia mama uko kwenye foleni. Fundi Nguo alimuuliza siku moja aliye mbele yake kwenye foleni hiyo ni nani ili amwombe ampishe, na kijana akacheka. Lakini alipokuwa anaondoka, yule kijana alimwita arudi, na safari hii hakucheka.

"Mama, msije mkaigusa ile laini," alisema. "Ina moto tangu siku ilipovutwa. Hauonekani, lakini upo."

Siku hiyo Fundi Nguo aliporudi nyumbani aliitazama nguzo ya mwisho kwa jicho jingine. Alikuwa akipita chini yake kila siku kwenda kwenye vichaka kutafuta kuni. Sasa aliinama akaona popo chini ya nguzo, mkubwa, bawa moja limekunjamana na kuwa jeusi, na harufu ya manyoya yaliyoungua bado iko hapo. Alimfukia kwa mguu. Juu waya zilikuwa zimetulia kabisa, wala hazivumi, na ni utulivu huo hasa uliomtia hofu. Tangu hapo alizunguka upande wa pili wa uzio, hata kama amebeba mzigo.

Basi asingekuwa na la kufanya ila kusubiri, kama asingekuwa na mdogo wake.

Mdogo wake aliitwa Spana, kwa sababu tangu utotoni alikuwa na spana mfukoni kama wengine walivyokuwa na gololi. Mama yao alifariki Spana akiwa wa kubebwa, na mgongo uliombeba ulikuwa wa Fundi Nguo. Alimpikia uji, alimshonea kaptula ya kwanza ya shule, alimchapa, alimpeleka ufundi. Hakujaaliwa mtoto wa kumzaa, na mtu akimuuliza alimwonyesha Spana, mrefu kama mlingoti, mwenye mke na watoto wake, akasema ninaye huyu, ananitosha kwa kelele. Spana aliwahi kufanya kazi na kikosi cha kuvuta laini mpaka mkataba wake ulipokwisha. Kuunganisha ile nafasi ya jiwe moja kwake ilikuwa kazi ya kumaliza kabla chai haijapoa. Wala si yeye aliyejipendekeza. Ni dada yake aliyemwita, akamwonyesha marobota, akamwonyesha tangi tupu, kisha akanyamaza. Na Fundi Nguo akinyamaza ndugu zake hujua wameombwa.

Mke wa Spana alizipata habari hizo, akafunga safari kutoka mjini peke yake. Alikuwa mfanya usafi hospitalini, mwanamke mdogo wa umbo, na hospitalini alikwisha ona watu walioletwa wakiwa na viganja vyeusi. Hakukubali hata kukaa kitini. Alisimama katikati ya sebule, kati ya cherehani zilizofunikwa.

"Wifi, mimi sikukatazi umeme," alisema. "Ila mume wangu asiiguse ile waya mpaka moto uwe umekatwa, na mtu amethibitisha kwamba umekatwa. Ahadi hiyo niahidi wewe. Yeye ameshaniahidi, lakini yeye huahidi hata mvua."

Fundi Nguo alimwahidi. Alimwahidi akimtazama usoni, akamwambia yule nimembeba mimi kabla hujamjua wewe, hapandi nguzo yangu akaungua. Wifi mtu akaridhika, au alijilazimisha kuridhika, akaondoka bila kunywa maji.

Sasa ule moto ulikuwa unakatiwa wapi? Swichi kubwa ya laini ilikuwa kwenye sanduku la chuma chini ya transfoma, kule mashineni, mbali na nyumba kwa mwendo wa kumtoa mtu jasho. Ufunguo wa sanduku watu wa umeme walimwachia mwenye mashine, kwani ndiye aliyekuwa mteja wao mkubwa, na hitilafu ikitokea ni yeye anayezima. Huyu walimwita Bwana Habari. Jina hilo alilipata kihalali. Alikuuliza hali yako, ya nyumba yako, ya mbuzi wako, ya kile kikohozi ulichokuwa nacho masika yaliyopita, na hukuruhusiwa kuruka hata moja katika hizo. Aliyejaribu kuanza na shida zake alirudishwa mlangoni: tusalimiane kwanza, shida haina miguu, haitakimbia. Watu walipenda kumcheka, lakini hakuna aliyewahi kutoka mashineni kwake akiwa na kinyongo.

Spana alikwenda kwake siku moja kabla ya kazi, wakasalimiana mpaka wakachoka, kisha wakapatana. Mchana, foleni ya wateja ikiisha, Bwana Habari angezima laini na kusimama pale pale kwenye sanduku, mtu asije akaiwasha. Lakini wateja ni wateja, huwezi kujua foleni itakwisha wakati gani. Kwa hiyo walio huku wampigie kwanza simu wahakikishe. Bwana Habari alisema vizuri, nipigieni, msije mkapanda bure.

Hapo ndipo kazi ya Fundi Nguo ilipoingia. Kiwanja chote kile mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya mnara wa tangi, na hata huko ulikuja na kwenda kama mgeni asiye na mwenyeji. Simu ya Spana ilikuwa imekwisha chaji, maana alilala pale na nyumba haina pa kuchajia. Ya Fundi Nguo ilibakiwa na kijimstari chekundu. Mpango ukawa huu: Spana apande nguzo, ajifunge mkanda, asubiri chini ya waya bila kugusa kitu. Fundi Nguo apande mnara, apige simu, na akishajua moto umekatwa apunge kitambaa cheupe cha bitana. Kutoka nguzo hadi mnara sauti isingefika vizuri, lakini kitambaa kingeonekana.

Fundi Nguo alisita kidogo. Je, si afadhali asipande kabisa mpaka simu ipigwe? Spana akasema dada, kupanda ndiko kunakochukua muda, kugusa ni dakika. Kule mashineni mtu amesimamisha kazi yake kwa ajili yetu, tusimweke. Kisha akaongeza neno lililomkaa Fundi Nguo kichwani kuliko yote aliyosema siku ile.

"Na Bwana Habari usimpe mlango wa salamu, simu itakufa kabla hamjafika kwa mbuzi. Muulize neno moja tu, umezima? Basi."

Jua lilikuwa la utosini. Hapakuwa na upepo, na ardhi ya kiwanja ilikuwa nyeupe kwa mwanga mpaka macho yanauma. Fundi Nguo alipanda ngazi ya mnara na kitambaa amekifunga kiunoni, mkono mmoja umeshika vyuma vya moto, roho iko juu. Alipofika alisimama ubavuni mwa tangi, akageuka. Spana alikuwa amekwisha fika karibu na ncha ya nguzo, ameegemea mkanda, miguu imekaza, waya wa nyumba umening'inia begani. Kutoka pale alionekana mdogo. Alionekana wa umri wa ile kaptula.

Alipiga simu. Haikushika. Akapiga tena, akainua mkono juu kuutafuta mtandao, akaushusha, akaisogeza simu upande wa pili wa tangi. Kijimstari chekundu kilikuwa kinapepesa. Mara ya tatu ikaita, ikapokelewa, na sikioni kukajaa mngurumo.

"Umezima?" Fundi Nguo alisema kwa sauti ya juu.

Mngurumo. Kisha sauti ya Bwana Habari ikaja imekatwa kichwa:

"...zima kabisa, dada. Kabisa. Na huko?"

Swali hilo la mwisho lilimshangaza. Huku kuna nini cha kuulizwa, wakati huku umeme haujawahi hata kufika? Lakini Bwana Habari ndivyo alivyo, hawezi kumaliza bila kuuliza.

"Huku ndiyo tunaanza," akajibu, na simu ikafa mkononi.

Kuna kitu kilimgusa moyoni hapo, kidogo tu, kama ncha ya sindano inavyogusa kidole kabla haijachoma. Ule mngurumo. Aliuwaza kwa muda wa kupumua mara moja, akajiambia ni mtandao, mtandao huvuma hivyo. Alikuwa juu ya mnara, jua linamchoma kichwa, simu imekufa, mwalimu mkuu anasubiri, na mtu ameulizwa na amejibu. Angetaka jibu gani tena? Alifungua kitambaa kiunoni, akakishika kwa ncha na kukipunga.

Spana alikiona, akainua dole gumba. Akatoa mfukoni bisibisi yake ya kupimia, ile yenye taa ndogo kwenye mpini ambayo huwaka ikiguswa na moto, akainyoosha mpaka kwenye waya. Fundi Nguo alimwona akiikinga kwa kiganja, anaisogelea kwa uso, anaikinga tena. Taa ile ni ndogo kuliko punje ya mtama, na jua lile lingeweza kuificha hata taa ya gari. Spana aliiondoa bisibisi. Akageuza kichwa kwenye mnara, akafungua mikono, kama mtu anayeuliza: una uhakika?

Swali lilikuwa wazi kabisa. Hata aliyezaliwa jana angelielewa. Fundi Nguo alikiona kitambaa chake kimejinyonga, akakikung'uta kwa hasira kikanyooka, akakipunga kwa mikono miwili, kwa nguvu, upande huu na upande huu, jinsi mtu anavyomfukuza kuku kwenye mpunga. Ndiyo. Fanya. Nimekwambia.

Spana akaupeleka mkono.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo Fundi Nguo hakulitegemea, kwamba hakutakuwa na kelele. Mgongo wake ulijipinda nyuma, kichwa kikatazama juu, na mkono ukabaki pale pale umeshika. Ulishika na haukuachia. Mkanda ulimzuia asianguke, na kwa muda mrefu alionekana kama mtu anayeendelea na kazi. Fundi Nguo aliendelea kupunga. Alipunga mara mbili, tatu zaidi, kabla mikono yake haijaelewa macho yake yalichokuwa yanaona.

Hakukumbuka kushuka. Alijikuta chini ya nguzo, ameshika kuti la uzio aliloling'oa, analirusha juu kwenye ule mkono na kutofika. Kisha ghafla mkono ukaachia wenyewe, ukaanguka kando ya mwili, na Spana akalala kwenye mkanda wake kama nguo iliyoanikwa. Fundi Nguo alimwita kwa jina alilopewa na mama yao, ambalo hakuna aliyelitumia tena. Halikuitikiwa.

Siku hiyo watu wa umeme walipatikana. Walikuja na gari, na ngazi, na kofia zao za rangi, wakamteremsha, wakasema hakuwa na ruhusa ya kupanda. Majirani walikuja. Na jua lilipokuwa linateremka, mke wa Spana alikuja bado amevaa sare ya kazi, akapita katikati ya watu wote bila kumwangalia yeyote, akamshika wifi yake mabega.

"Moto ulikuwa umekatwa?" aliuliza. "Aligusa kabla ya kuthibitishiwa?"

Fundi Nguo alikuwa hajui bado kilichotokea. Naapa hakujua. Alijua tu kwamba alipiga simu, akauliza, akajibiwa, akapunga, na mdogo wake amekufa. Lakini alijua pia mikono hii inayomshika mabega itamfanya nini akisema "mimi nilipunga kitambaa". Mdomo wake ukafanya kazi peke yake.

"Simu haikushika, wifi. Nilikuwa bado nahangaika na mtandao. Nilipogeuka, tayari."

Mke wa Spana alimwachia. Hakulia. Alisema, aliniahidi, akasema tena, aliniahidi, kisha akakaa chini mahali pale pale. Alikaa hivyo siku zote za msiba. Spana alizikwa, watu wakalia, yeye akatazama udongo ukimwagwa kwa macho makavu kama anayetazama mtu aliyemtoroka. Watoto walipomuuliza baba alikufaje, aliwaambia baba yenu alikuwa hasikii la mtu. Wanawake waliomsogelea kumfariji waliambiwa kwa sauti ya kawaida kwamba amekwisha danganywa mara nyingi, lakini hii ndiyo ya mwisho, na hatamsamehe. Fundi Nguo aliyasikia hayo yote. Kila moja lilimwingia, na kila moja alilimeza, akajiambia kesho nitasema, nikishajua la kusema. Usiku alilala sebuleni kati ya cherehani zake, na hakulala.

Watu walisema ajali haina kinga. Walisema imeandikwa. Alikuwa anaitikia kwa kichwa.

Bwana Habari alikuwa hajaonekana. Wengine walinong'ona kwamba anaogopa. Alikuja siku ya kuondoa tanga, asubuhi, watu wamekaa barazani mwa nyumba mpya. Alikuwa amekonda. Alimshika mkono kila mtu, lakini kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakumuuliza yeyote habari. Akakaa karibu na mke wa Spana, akaviringisha kofia yake magotini.

"Mama watoto," alisema, "nimechelewa kuja kwa sababu sikujua nitakuja na uso gani. Siku ile nilikuwa nimebakiza mteja mmoja, debe moja tu la mahindi. Mashine inanguruma, simu ikalia, kumbe ni dada yetu huyu. Ikakatika hapo hapo. Nikasema atapiga tena aniulize habari ya laini, na kabla hajapiga nitakuwa nimezima. Nikamalizia lile debe. Nikaenda nikazima. Nikasimama kwenye sanduku na ufunguo mkononi kama tulivyopatana, nangoja simu. Nimesimama pale mpaka watu wamekuja kunambia."

Bwana Habari alifuta macho kwa kofia, akamgeukia Fundi Nguo, na uso wake ulikuwa na upole ambao hakuna mtu angeweza kuuvumilia.

"Sitaki kumsifu mtu penye msiba," aliendelea, "lakini hili nitalisema. Mtu wa siku hizi anakupigia simu na kuingia moja kwa moja kwenye shida zake. Huyu dada yuko kwenye hangaiko lote lile, jua lile, na neno lake la kwanza ni kunijulia hali. Ananiuliza, u mzima? Nikamjibu, mzima kabisa, dada, kabisa, na huko? Basi, hayo ndiyo tuliyowahi kusema."

Yale maneno yalipita tena sikioni mwa Fundi Nguo, polepole, yakiwa na kichwa chao safari hii. Mzima kabisa. Na huko. Na nyuma yake mngurumo wa mashine inayosaga debe la mwisho.

Alipoinua macho, mke wa Spana alikuwa anamtazama. Hakuwa anamtazama kwa hasira. Alikuwa anamtazama kama mtu anayesoma maandishi madogo. Katika miaka yote ya kuwa mawifi, hakuwahi kupokea simu ya Fundi Nguo iliyoanza na salamu.

"Wifi," alisema taratibu, "wewe ulinambia simu haikushika."

Angeweza kusema mengi. Angeweza kusema ilishika ikakatika, nilimsalimu kwa heshima, nikawa natafuta mtandao nipige tena. Bwana Habari mwenyewe alikwisha mshonea uongo huo, ukamkaa sawasawa bila kupunguza wala kuongeza. Alichotakiwa ni kuuvaa tu. Na Spana angebaki kaburini akiwa mtu asiyesikia, aliyeivunja ahadi ya mkewe, na wanawe wangekua hivyo.

"Ilishika," Fundi Nguo alisema. "Ila mimi sikumsalimu. Nilimuuliza kama amezima."

Hakuna aliyemwelewa kwa haraka. Aliyetangulia kuelewa ni Bwana Habari. Kofia ilimdondoka, midomo yake ikaanza kuyarudia yale maneno mawili bila sauti, moja, kisha jingine, kisha la kwanza tena.

"Akaniuliza kwa mikono kama nina uhakika," Fundi Nguo akaendelea, kwa sababu sasa hakuweza tena kunyamaza. "Alisubiri, wifi. Hakugusa kitu mpaka nilipompungia. Mara mbili nilimpungia. Ahadi aliitunza yeye."

Mke wa Spana aliweka mikono yote miwili juu ya kichwa. Kisha akalia, kwa mara ya kwanza tangu alipofiwa. Alilia kwa kumwita mumewe, kwa kumwomba radhi, kwa kumwambia kumbe ulinisikia, baba, kumbe ulinisikia. Wanawake wakainuka wote kumshika. Fundi Nguo naye aliinuka, akanyoosha mkono, na wanawake waliokuwa wamemzunguka wifi yake hawakumpisha.